Kirikuu Mlangoni kwa Ta Kamugisha

Limefika! Nirudie mara ngapi, nyie wa kijiwe cha Bilele, ndipo mnielewe? Sikusema litafika Muleba. Sikusema litafika karibu karibu. Nilisema tutaagiza kirikuu kutoka Japani, kile kigari kidogo cha mizigo, cha aina inayovuta kwa tairi zote nne. Nilisema nitakichukua mwenyewe bandarini Dar es Salaam, nitakiendesha mwenyewe mpaka Kishanda, mpaka mlangoni kwa Ta Kamugisha, siku ya Jumamosi, kabla ya saa nane. Haya. Aliyesema "Novatus ana mdomo tu" aje anionyeshe hapo nimeongopa neno gani.

Najua swali lenu. Kama limefika, mbona wewe unatembea kwa miguu? Ndiyo maana naandika. Kila nikianza kusimulia pale kijiweni kuna mtu ananikatiza, mimi napandisha hasira, hadithi inaishia kwenye kushikana mashati. Humu hakuna wa kunikatiza.

Mambo ya minada ya mtandaoni, wakala na makaratasi sitayasema. Yanachosha, na ukweli nusu yake sikuyaelewa.

Mdomo ulipotuponza

Respicius mnamjua. Kwa asiyemjua: tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza kule Kagondo. Ni mtu mpole, maneno yake kwa siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Mtu akimgusa Respicius amenigusa mimi, na mimi sina upole.

Sasa Respicius amempenda Adventina, binti wa Ta Kamugisha wa Kishanda. Tukaenda kujitambulisha, sisi watu saba, na shangazi yake Respicius, Ma Koletha, ndiye msemaji. Nyumba ya Ta Kamugisha iko chini kabisa. Barabara inapita juu, mgongoni mwa kilima, halafu kuna mteremko wa udongo mwekundu katikati ya migomba, hatua kama mia tatu, umesimama kama ukuta uliochoka. Gari halijawahi kushuka pale. Kila kitu kinakwenda kichwani.

Tulipokelewa vizuri. Ta Kamugisha ameketi, kikapu cha kahawa ya kutafuna kiko magotini pake. Mnajua ilivyo kwetu: mgeni akishapewa zile punje akatafuna, amepokelewa, mengine yote ni maneno. Kikapu kilikuwa karibu kuanza kuzunguka. Ma Koletha akasema tutarudi Jumamosi fulani kuleta vitu vya mahari. Ta Kamugisha akacheka.

"Mtaviacha barabarani kama wenzenu," akasema. "Nitatuma vijana wangu wawabebee. Watu wa mjini magoti yenu ni ya mkate."

Watu wakacheka. Yule ni baba mkwe, kututania ndiyo kazi yake siku ile, na kazi ya upande wetu ni kuinamisha kichwa na kucheka naye. Hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote waliotumwa, sikupewa ruhusa ya kusema hata samahani. Lakini nikamwona Respicius anatazama miguu yake, nikasimama.

"Ta Kamugisha waitu, hatutaacha kitu barabarani! Tunaleta gari, na gari litafika mpaka mlangoni pako!"

Ma Koletha akanivuta shati mpaka kifungo kikakatika. Ta Kamugisha akafunika kikapu.

"Basi kahawa italisubiri hilo gari," akasema. "Kahawa yangu inatafunwa na waliofika. Nyie bado mko njiani."

Tukarudi bila kutafuna hata punje moja. Ma Koletha hakunisemesha mpaka Bukoba. Akamwambia Respicius tu: "Lisipofika, mwanangu, watasema ukoo wetu ni wa maneno. Na mtu haupi ukoo wa maneno binti yake." Respicius hakunilaumu. Alisema, "Sasa itabidi lifike." Kirikuu chetu, cha kubebea ndizi na kahawa, kilikuwa tayari kiko melini.

Dar es Salaam mpaka Morogoro

Jumanne asubuhi tukakabidhiwa. Jamani, kile kigari! Cheupe, kidogo, pua hakina. Ndani kinanuka majani makavu. Chini ya kiti tulikuta mundu mdogo na glavu za kitambaa zenye udongo vidoleni. Respicius akazishika taratibu.

"Mwenyewe alikuwa mkulima," akasema.

"Na sasa ni la wakulima wengine. Panda."

Karibu na usukani kulikuwa na kitufe, na juu yake kikaratasi kimebandikwa, maandishi ya Kijapani, na kapicha ka barabara kamechorwa mstari mwekundu. Kiliniharibia sura ya gari. Nikakibandua. Respicius, ambaye hatupi kitu, akakiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka.

"Miguu minne!" nikasema. "Yote inavuta!"

"Hiyo si ni ya matope?"

Mimi magari nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuvunja pikipiki za watu. Sipendi kuulizwa swali na mtu ambaye hajui hata kuendesha. "Ukinunua viatu viwili," nikamwambia, "unavaa kimoja kwa sababu njia ni kavu?"

Akafunga mkanda. Na mimi nikaona nimesema kitu cha akili sana.

Kwenye lami iliyonyooka gari lilikwenda. Lakini kila nikikata kona lilikuwa linarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba mguuni, na usukani mzito. Kuingia kituo cha mafuta Chalinze lilishtuka mara tatu, mpaka muuza mafuta akarudi nyuma. Nikamwambia ni nguvu. Gari lenye nguvu ndivyo lilivyo.

Morogoro tukasimama kunywa supu. Respicius akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama kile kitufe tungekizima kidogo tuone. Nikamfokea. Nilimfokea mpaka dada aliyekuwa analeta mabakuli akasimama katikati ya meza, hajui aje au arudi. Supu ikapoa mikononi mwake. Tulilipa, tukaondoka, na mpaka Gairo aliyesikika ni mimi peke yangu, naimba.

Dodoma mpaka Singida, na habari za ndizi

Siku ya pili njaa ilinikamata Manyoni. Nilikuwa nimekula chipsi na ugali siku mbili, mwili unadai ekitoke, ndizi zetu za kupika. Nikaingia kwa mama mmoja mwenye kibanda kisafi, sufuria zinatoa moshi.

"Mama, ndizi unayo?"

"Ndizi ipo, mwanangu. Kaa."

Moyo ukatulia. Nikanawa. Nikamwambia Respicius hata huku kuna watu wanaojua kula. Mama akaja na sinia: wali, maharage, mchicha, na pembeni kandizi kamoja kabivu, kadogo, hata ganda hajalitoa.

"Mama, nilisema ndizi."

"Si hiyo hapo?"

"Hii ni ya mtoto mgonjwa! Ndizi ya chakula iko wapi?"

Mama akashika kiuno. "Ya chakula? Ndizi ni tunda. Chakula ni huo wali." Akageukia wateja wengine. "Huyu katoka wapi?"

Mzee mmoja aliyekuwa anakula kimya akajibu bila kuinua uso, "Nshomile huyo, Mhaya msomi. Msikilize anavyobishana na tunda."

Kibanda kizima kikacheka, na Respicius naye, mara ya kwanza tangu Morogoro. Nilikula wali wote na kandizi kenyewe. Kalikuwa katamu. Sikumwambia mama.

Mbele kidogo askari wa barabarani akatusimamisha. Mtu mwungwana tu. Akazunguka gari, akaniambia niligeuze nisogee pembeni, nikaligeuza, likarukaruka.

"Kijana, hili gari lina nini?"

"Afande, hili linavuta kwa tairi zote nne."

"Linavuta kitu gani? Barabara yenyewe kavu hii."

Nikamweleza kwa dakika kumi. Nikamweleza Japani, mashamba ya mpunga, mteremko wa Kishanda, mpaka kahawa iliyofunikwa. Aliponirudishia leseni alikuwa amechoka. "Nenda," akasema, "nenda tu." Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Singida tukalala. Kuku wao hawasifiwi bure, ni kweli wanastahili. Lakini asubuhi niliona kitu ambacho sikumwonyesha Respicius: gari linakunywa mafuta kama linaenda msibani. Nikasema ni upepo wa kule. Upepo wa Singida unasukuma kwa mbele, kila mtu anajua.

Nzega

Alhamisi, tunaingia Nzega, tairi la mbele kushoto likapasuka. Fundi wa pale kando ya barabara ni mwanamke, mama mnene mwenye ovaroli la buluu, wanamwita Mama Shija. Akalilaza tairi, akapitisha kiganja. Akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye la kulia.

"Mwanangu, tairi hizi zimetembea kutoka Dar au zimeburutwa?"

"Zimetembea. Zilikuja mpya kabisa."

"Mpya?" Akanionyesha. Lilikuwa laini kama kichwa cha padri wetu. "Mpya haifi siku tatu. Una kitu kinashindana humu ndani."

"Mama, ni joto la lami yenu."

"Lami yetu?" Akasimama, akajifuta mikono. "Lami yetu inapitisha malori ya mizigo usiku na mchana haijamla mtu. Imekula tairi zako tu?"

Nikaanza kubishana. Nilibishana na mtu aliyeshika tairi langu mkononi, na mtu huyo akaniacha nibishane, akaendelea kunywa uji wake. Alikuwa na tairi moja la saizi ile. La pili likaagizwa lije na basi kutoka Kahama, na basi lilichelewa, na mimi nikatembea huku na huku nikihesabu: leo Alhamisi, kesho Ijumaa, keshokutwa wenzetu wote wamesimama Muleba na mapipa ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, wanatazama barabara.

Respicius alikaa kwenye kibanda cha Mama Shija akichaji simu. Nilimwona ametoa kile kikaratasi kwenye kitabu cha sala, anakipiga picha. Nikadhani anacheza. Tulipokuwa tunafunga nati za mwisho akanijia.

"Nova, nikuambie kitu."

Mama Shija yuko pale, vijana wawili wa bodaboda wako pale, wote wanatusikiliza.

"Usiniambie kitu mpaka tufike Kahama!"

Akatazama wale watu, akanitazama mimi, akarudisha kikaratasi kwenye kitabu. Tulilala hapohapo Nzega. Kahama tulipita Ijumaa asubuhi, na hakuniambia kitu, na mimi sikuuliza. Niliona afadhali.

Runzewe

Kutoka Kahama sauti ilianza mbele, chini ya miguu yetu. Kro. Kimya. Kro kro. Nikaongeza sauti ya redio. Redio ya Kijapani inashika stesheni moja tu, tena mahubiri.

Runzewe tukasimama. Respicius akaenda kutafuta mahindi ya kuchoma. Pembeni yangu limeegeshwa lori la mchele, dereva wake mtu mzima, kofia ya sufu jua kali, anapiga mswaki. Akaniona ninavyoegesha, gari linaruka, linaguna. Akatema povu.

"Bwana mdogo, unaendesha gari lililofungwa miguu?"

"Miguu haijafungwa. Inavuta yote minne."

"Tangu wapi?"

"Tangu bandarini," nikasema, na nilisema kwa kujivuna, Mungu ananiona.

Yule bwana alicheka mpaka akakalia ngazi ya lori lake. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akachukua kijiti akachora kona vumbini. "Tazama. Ukikata kona, tairi la mbele linapita njia ndefu, la nyuma njia fupi. Umeyafunga pamoja. Kwenye matope moja linateleza kidogo, linajirekebisha, hakuna ugomvi. Kwenye lami litateleza wapi? Halitelezi. Basi yanavutana, na yanayovutana yanakula difu, zile gia zinazogawia tairi nguvu. Toka Dar? Utakuwa huna difu ya mbele, una supu."

"Wewe endesha mchele wako!" nikamwambia. "Nimekuuliza?"

"Hujauliza," akasema, akaendelea na meno yake. "Ndiyo maana umefika hivyo."

Nikaingia kwenye gari, nikafunga mlango kwa nguvu. Nikakaa. Nikaitazama ile taa ya kijani. Kona ya vumbini niliiona hata nikifumba macho. Nikaangalia kama Respicius anakuja, nikabonyeza kitufe. Taa ikazimika.

Respicius akapanda, akanipa hindi. Tukaondoka. Gari likawa jepesi, linakata kona kama kisu kwenye ndizi iliyoiva. Nilitaka kulia.

"Limechangamka," akasema Respicius.

"Ni hewa ya nyumbani," nikasema.

Hilo ndilo neno la uongo nililosema katika safari nzima, nyie mnaotafuta uongo wangu. Nililisema kwa mtu ambaye ningempigania na yeyote kati yenu. 

Biharamulo mpaka Muleba

Jumamosi alfajiri Biharamulo, Respicius akiwa anaswaki, nikalipeleka gari kwenye kinjia cha vumbi nyuma ya nyumba tuliyolala. Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, nzuri kabisa. Nikakanyaga mafuta. Mbele kukasikika mtu anasaga mawe. Tairi za nyuma zikasukuma, za mbele zikafuata kama wageni. Difu ilikuwa imekufa, taa inawaka juu ya kaburi lake.

Na mvua ilikuwa imenyesha. Migomba ilipoanza kuonekana kando ya barabara ilikuwa inachuruzika, udongo mwekundu unang'aa. Siku nyingine ningeshangilia nikiiona migomba. Siku ile nilikuwa naomba Kishanda kuwe jangwa.

Niligeuza maneno kinywani kila kijiji. Nilifikiri nimwambie mafuta yalikuwa mabaya. Nilifikiri nimwambie Wajapani wametuibia. Nilifikiri nisimame Muleba niseme naumwa. Respicius amekaa pembeni, amevaa shati jeupe alilolitunza kwenye mfuko wa nailoni tangu Dar, anapiga kiatu rangi mapajani.

Muleba tuliwakuta wenzetu na basi dogo la kukodi. Ma Koletha amevaa gomesi lake la kijani, gauni la sherehe. Wakapakia kwetu mapipa mawili ya lubisi, mbuzi, majembe, blanketi, vitenge, gunia la chumvi. Ma Koletha akazunguka kigari, akakipiga kofi ubavuni kama ng'ombe.

"Kadogo."

"Kana nguvu, Ma," Respicius akamjibu.

Mimi, Novatus, sikuwa na neno. Ma Koletha akanitazama kwa wasiwasi. "Huyu anaumwa?"

Mteremko

Tulifika juu ya mteremko saa saba. Chini kule nyumba ya Ta Kamugisha, bati linang'aa, na watu wamejaa uani wameinua nyuso. Wenzetu wakashuka kwenye basi, wakajipanga kando kutazama. Nikazima injini.

"Respi, siwezi kushuka."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikupamba. Kitufe, Runzewe, dereva wa lori, hewa ya nyumbani, kile kinjia cha Biharamulo. Nikamwambia miguu minne hakuna, iko miwili, nimeiua mwenyewe kwenye lami kwa ubishi, na sasa mkwe wako atafunika kikapu mara ya pili na kosa ni langu mara zote mbili. Nilikuwa nauambia usukani, si yeye.

Respicius akafungua kitabu cha sala, akatoa kikaratasi. Halafu akatoa simu, akanionyesha. Simu ilikuwa imetafsiri: usitumie kwenye barabara ngumu iliyo kavu.

"Tangu Nzega?" nikauliza.

"Tangu Nzega."

"Na hukusema!"

"Nilisema nikuambie kitu. Ukasema mpaka Kahama. Kahama nikaogopa." Akacheka kidogo. "Morogoro ulinifokea mpaka supu ikapoa. Na Nzega kulikuwa na watu. Wewe ulisimama mbele za watu kwa ajili yangu, ningekuaibishaje mbele za watu? Runzewe niliona taa imezimika, nikajua umejua. Nikasubiri uniambie."

"Ungesubiri mpaka lini?"

"Mpaka hapa," akasema. "Ungeshuka bila kuniambia, ndiyo ningekasirika."

Sijawahi kumwona Respicius amekasirika. Nikamshukuru Mungu kwa hilo kwanza. Kisha akatazama mteremko, akapiga hesabu zake za kimya.

"Nova. Kushuka kunahitaji miguu mingapi?"

Nikamtazama. Bojo! Miguu gani? Kushuka hakuhitaji hata injini!

"Breki," nikasema.

"Breki zipo?"

"Breki zipo."

"Basi tufike."

Nikaweka gia ya kwanza. Nawaambia ukweli: hatua mia za kwanza nilikuwa naendesha mimi. Mia za pili nilikuwa naendesha pamoja na udongo. Mia za mwisho uliendesha udongo peke yake. Tairi zimesimama kabisa, gari linakwenda. Mbuzi nyuma anapiga kelele, mapipa yanagongana, Respicius anasali kwa sauti kubwa ambayo sikujua kama anayo. Watu wa uani wakagawanyika huku na huku. Nikaona mgomba, nikaupita. Nikaona pipa la maji, sikulipita. Nikaona mlango wa Ta Kamugisha, mlango wa mbele, wa mbao, una msalaba wa chaki, unakuja, unakuja, unakuja.

Likasimama.

Lilisimama tairi zimezama matopeni mpaka katikati, ubavu mmoja ukutani, na ile pua ambayo halina imelala kwenye mlango. Mlango haukuvunjika. Ulikuwa tu haufunguki tena. Na Ta Kamugisha alikuwa ndani.

Hata mbuzi alinyamaza. Tukasikia kitasa kinatikiswa kwa ndani. Mara moja. Mara mbili. Kisha hatua zinarudi ndani ya nyumba, zinazunguka, mlango wa jikoni unalia, na Ta Kamugisha akatokea kona ya nyumba, kanzu nyeupe, koti, kikapu mkononi. Akalitazama gari. Akautazama mlango wake. Akayatazama mapipa, moja halikumwaga hata tone. Mimi bado nimeshika usukani, mikono haiachii.

"Mawe!" akashangaa kwa Kihaya. "Mmefika. Mmefika kupita nilivyoomba."

Akafunua kikapu. Akampa Respicius kupitia dirishani. Kisha akanipa mimi, na akaniwekea mbili zaidi. "Za mdomo wako," akasema. "Utafune, unyamaze kidogo."

Nikatafuna. Chungu tamu ile, jamani. Nilitafuna kama padri amenipa komunyo, na juu mgongoni Ma Koletha anapiga vigelegele mpaka Ijuganyundo, huko Bukoba, walisikia.

Sasa mnauliza gari liko wapi

Liko pale pale. Kushuka hakuhitaji miguu minne, kupanda kunaihitaji. Tumejaribu. Tairi mbili za nyuma zinachimba kaburi tu. Difu ya kirikuu cha aina ile natafuta Mwanza, natafuta Kahama, wote wanazo za vile vinavyovuta kwa nyuma peke yake. Hakuna gari la kushuka kulivuta, maana hakuna gari linaloshuka, ndiyo ilikuwa hoja yetu nzima.

Ta Kamugisha na watu wake wanaingia na kutoka kwa mlango wa jikoni, Jumapili ya tatu hii. Vijana wake wangelitoa siku ile ile, wana mabega, lakini amewakataza hata kuligusa. "Aliyelileta atalitoa," amesema. Na amesema neno lingine, bila utani safari hii: binti yake hatatoka kwenye nyumba ya baba yake kwa mlango wa jikoni kama aliyetoroka. Bibi harusi anatoka mlango wa mbele. Mlango wa mbele una kirikuu. Harusi ya Respicius haina tarehe mpaka ule mlango ufunguke.

Juzi nilimkuta Respicius amesimama juu pale mteremkoni, anakitazama.  Adventina alikuwa chini, anakifuta vumbi kioo kwa khanga.

Udongo umeanza kukauka. Nimepima: watu ishirini, kamba mbili, mbao za kutandika chini ya tairi, na mtu mmoja wa kushika usukani ambaye safari hii atauliza kwanza. Kamba ninazo. Mbao ninazo. Kwenye orodha ya watu niko mimi, Respicius na Ma Koletha, ambaye amesema atakuja na gomesi lake lile lile.

Wewe uliyesema pale kijiweni kwamba halitafika, ukacheka mpaka ukamwaga chai, Jumamosi unakuja kusukuma au huji?